Mnara wa Chumvi, Nafasi ya Tisa

Jumamosi, 9 Machi

Mdogo wangu ni mshenzi, na leo amelithibitisha hilo redioni, watu wakisikiliza.

Niseme mambo yalivyo, ili siku nikilisoma daftari hili nimepoa nisije nikajidanganya kwamba lilikuwa jambo dogo. Mdogo wangu tunamwita Kipaza tangu utotoni kwa sababu hajui kusema polepole, na sasa analipwa kwa tabia hiyohiyo. Ana kipindi cha gemu kila Jumamosi saa tano asubuhi. Leo ametangaza kwamba kwa wiki tisa, muda wote wa mvua hizi, atayapanga magemu tisa ya Visiwa vya Shaba kwa mapenzi yake mwenyewe, kuanzia baya hadi bora. Kila wiki moja.

Visiwa vya Shaba ndimo tulimokulia. Sizungumzii nyumba. Nyumba tulilala tu. Tulikuwa na pedi moja ya kuchezea na daftari moja la ramani, na sheria mbili. Ya kwanza: ukifa, unapisha. Mmoja anashika pedi, mwenzake anachora ramani, na Mtafuta, shujaa wa magemu yote, akianguka shimoni mnabadilishana. Ya pili: hakuna kuvuka mlango wa gemu bila mwenzako.

Basi. Redio ya karakana yetu ya meno ya bandia ilikuwa wazi, mimi napanga meno kwenye nta, Msaga, mwenzangu wa kazi, yuko kwenye mashine yake anang'arisha. Kipaza akasema: "Nafasi ya tisa, ya mwisho kabisa, na sina chembe ya huruma: Mnara wa Chumvi. Gemu la kuchosha. Kama unapenda kukaa chini ukimwangalia mtu mwingine akipanda ngazi, nenda kasimame kwenye jengo lenye lifti mbovu."

Msaga alicheka hadi akazima mashine.

Mnara wa Chumvi ndilo gemu langu. Ndilo la tano kutolewa kati ya tisa, na ndilo pekee ambalo halikupi ramani hata kipande. Unapanda mnara ghorofa kwa ghorofa, na kila ukipanda muziki unashuka, mpaka huko juu unasikia pumzi ya Mtafuta tu. Kuna mzee wa kivuko anayekusahau kila ukirudi, na kila mara unajitambulisha upya. Kuna daraja la mbao tisini. Halafu juu kabisa, unapotarajia joka au mfalme, unakuta chumba kitupu na dirisha, na dirishani unaviona visiwa vyote ulivyopita tangu gemu la kwanza, vidogo vidogo. Nililia. Tulicheza pamoja, mimi na yeye, mvua ikinyesha hivihivi, sakafuni chumbani kwa Mama. Alikuwa na miaka kumi na moja. Yeye naye anajua hayo yote, halafu anazungumzia lifti.

Amenipigia saa saba mchana. Sikupokea. Na sitapokea.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Amepiga mara tatu.

Jumatano, 13 Machi

Mwalimu mstaafu amerudi na meno yake. Hii ni mara ya pili. Kayaweka mezani kwenye kitambaa akasema, "Binti, haya yananiuma." Nikayachukua, nikayavika kwenye taya lake la plasta, nakala ya kinywa chake, yakakaa bila hata upenyo wa unywele. Nikamwonyesha.

"Mwalimu, tazama. Yanakaa sawasawa."

"Naona. Lakini hapo ni kwenye plasta."

Nikamwambia ayavae wiki mbili, fizi zitazoea. Alipoondoka Msaga akaniuliza kama ugomvi wangu na redio ndio unaotibu wateja siku hizi. Nikamwambia asage kilicho chake.

Jumamosi, 16 Machi

Nafasi ya nane, Msimu wa Samaki. Gemu zima unavua. Mtafuta, aliyewahi kuzima volkano kwa kofia, anakaa ukingoni na ndoano saa thelathini. Ni takataka, na hapa nimekubaliana na Kipaza, jambo ambalo limeniudhi kuliko kama angekosea. Kwa hiyo kulingana na huyu bwana, samaki ni bora kuliko Mnara.

Alhamisi, 21 Machi

Mama amekuja karakana, miavuli miwili mkononi, mmoja wangu niliousahau kwake. Hakukaa.

"Mdogo wako anahama," akasema. "Mvua zikiisha anakwenda kituo cha mji mwingine. Kipindi cha mwisho tarehe nne Mei, Jumatatu yake anapanda basi."

"Mbona hajaniambia?"

"Atakuambia kwa njiwa? Simu hupokei."

Kumbe pia anataka siku hiyo ya mwisho niende studio, nikae naye, nafasi ya kwanza tuitangaze wote wawili. Nikamwambia Mama amwambie nafasi ya kwanza akaitangaze na lifti yake.

Mama akanitazama namna anavyotazama sufuria lililoungua. "Mna wiki sita," akasema. "Huko aendako si mtaa wa pili. Mtu akiondoka na kinyongo, kinyongo kinamzoea."

Jumamosi, 23 Machi

Ya saba: lile jipya, Bahari Isiyo na Ukingo. Kubwa mno, tupu mno. Anasema unatembea siku nzima unakutana na jiwe. Kweli. Msaga amepiga simu kituoni kulitetea na wamemweka hewani. Sasa anatembea karakana nzima kama mgeni rasmi.

Ijumaa, 29 Machi

Barabara ya karakana imejaa maji. Nimeingia na viatu mkononi.

Jumamosi, 30 Machi

Ya sita, Nyangumi wa Chuma. Nilikuwa na nta ya moto kwenye kisu, nikapachika jino la mbele la mtu upande usio wake. Nimelirudia upya. Hasira inakula kazi.

Nimejiuliza kwa nini naumia hivi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, nina meno ya watu thelathini rafuni yenye majina na tarehe. Lakini mtu akikuambia kitu mlichokipenda pamoja yeye hakukipenda, anakunyang'anya na siku zenyewe. Mwaka ule Mama alifanyiwa upasuaji. Baba alishajiondokea zamani. Kipaza alipelekwa kwa shangazi muhula mzima, mimi nikabaki. Nilimwogesha Mama, nilibadilisha bandeji, nilipika uji ambao hakuula. Kilichonishikilia kilikuwa kile chumba chenye dirisha juu ya mnara. Yeye anakiita ngazi.

Jumamosi, 6 Aprili

Ya tano, Farasi Wanne. Sina neno.

Jumatatu, 8 Aprili

Mwalimu mstaafu hakuja. Wiki mbili zimepita na zaidi. Nikamwambia Msaga, unaona, fizi zimezoea. Msaga akasema alimwona sokoni jana na mdomo wake ulikuwa mtupu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimefanya upumbavu.

Ametangaza ya nne, lile gemu la kwanza kabisa, na akaanza kusimulia jinsi "mimi na dada yangu" tulivyopasua pedi kwa kugombania. Akasema ni mimi niliyeipasua. Nikachukua simu, nikatuma ujumbe kituoni bila jina: "Mtangazaji, kabla ya kusimulia watu habari za pedi, eleza, kwa akili timamu, gemu lenye chumba cha mwisho kizuri kuliko yote, linawekwaje chini ya samaki."

Akausoma hewani. Halafu akasema, "Huyu msikilizaji namfahamu. Hata akitukana anaweka mkato." Msaga akageuka kunitazama. "Na mimi nina swali kwake. Ajiulize, Mnara wa Chumvi alicheza na nani."

Akaweka muziki.

Na nani? Na wewe, mjinga mkubwa wewe. Nimelisema kwa sauti, karakana nzima. Mteja aliyekuwa mlangoni akasema atarudi Jumatatu.

Jumapili, 14 Aprili

Na nani. Anauliza na nani.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua haijakata tangu jana. Sijasahau swali lake hata nikinawa mikono.

Jumamosi, 20 Aprili

Ya tatu, Binti wa Radi. Nilizima redio katikati kwa sababu Mama alipiga: maji yameingia ndani.

Jumapili, 21 Aprili

Naandika nikiwa kwa Mama, mezani, asubuhi, miguu juu ya kiti kwa sababu sakafu bado ina unyevu. Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Jana nilipofika maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Tukainua godoro, tukainua magunia, tukaweka redio na ile mashine ya zamani ya gemu juu ya meza. Likabaki kabati la nguo. Ni zito, halibebeki na watu wawili, kwa hiyo nikalifungua nitoe vitu vya chini.

Ndani ya mlango wa kabati hilo ndiko tulikoweka maksi. Kila tukimaliza gemu, kila mmoja anaandika maksi zake kwa kalamu ya wino, kati ya kumi, na wino haufutiki, hilo ndilo lilikuwa lengo. Safu yangu kushoto, yake kulia. Nimeuona mlango huo mara elfu. Nikaangalia mstari wa tano kwa haraka, ili niupige picha nimtumie. Mnara wa Chumvi: mimi kumi, yeye kumi. Nikasema, haya, nimekukamata. Maandishi yako mwenyewe.

Kisha nikaangalia tena, kama ninavyoangalia kazini. Kazi yangu ni kutofautisha. Nikiona taya la plasta najua ni la nani bila kusoma jina. Na tarakimu 1 ya Kipaza ni kijiti kitupu kilicholalia nyuma, kwa sababu anatumia mkono wa kushoto. Moja zote za safu yake zimelala hivyo, kuanzia ile kumi ya gemu la kwanza. Isipokuwa mstari wa tano. Moja ile ina kofia juu na kiatu chini. Hivyo ninaandika mimi. Mimi tu.

Ile kumi yake niliiandika mimi.

Nikapiga magoti majini kutoa viatu vya Mama vya rafu ya chini. Na hapo chini kabisa, karibu na bawaba, mahali ambapo mtu mzima hainami, kuna maneno yaliyokwaruzwa kwa msumari. Herufi za mtoto, zimelala nyuma zote.

MNARA WA CHUMVI 0. SIKUSHIKA PEDI.

Nilikaa na magoti yangu kwenye maji hayo mpaka Mama akaniuliza kama nimeumwa na mdudu. Nikamwonyesha. Hakushangaa, na hilo lilinikasirisha zaidi ya maji.

"Alikaa pale ukutani siku nne," akasema. "Alirudi kutoka kwa shangazi yenu akakuta wewe umeshalimaliza peke yako. Ukamwambia, kaa nikuonyeshe. Ukawa unacheza, yeye anaangalia. Akiomba, unamwambia subiri kwanza tupite hapa, wewe utatuangusha."

"Mama, mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa na mshono tumboni, mwanangu. Nilifurahi mmenyamaza."

Sasa nakumbuka. Si kwamba nilisahau kila kitu. Nilikumbuka bega lake karibu na bega langu, mvua, mwanga wa kioo usoni kwake, na hayo yote yalikuwa kweli. Nilichokiacha ni mikono yake. Kila nikijaribu kuiona mikono yake siku hizo, iko mapajani.

Nina hasira na mimi mwenyewe. Nina hasira na yeye pia, na nitaiandika: miaka kumi na tisa ana mdomo, mdomo wa kulipwa, akashindwa kusema sentensi moja mpaka aisemee mbele ya nchi. Na ile miezi mitatu nilikuwa peke yangu na mgonjwa. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nani alinisubiri mimi?

Lakini sheria tuliiweka wawili, na mlango niliuvuka peke yangu, halafu nikamjazia maksi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemfuata mwalimu mstaafu nyumbani kwake, baada ya kazi. Nilimkuta anakunywa chai kwa kijiko. Nikamwambia ayavae. Sikulitoa lile taya la plasta kwenye mkoba.

"Yanauma wapi, Mwalimu?"

"Leo umeuliza," akasema, akaniwekea kidole.

Palikuwa na kidonda kidogo nyuma, upande wa kulia, mahali ambapo plasta haijui. Nimeyachukua. Nitasaga mwenyewe, simpi Msaga.

Jumamosi, 27 Aprili

Ya pili, Mji wa Vioo. Kwa hiyo ya kwanza itakuwa Ufalme wa Chini, kama kila mtu duniani. Hana hata ubunifu.

Kipindi kilipoisha nilipiga mimi. Akapokea kabla haijalia mara mbili.

"Dada."

"Nimeliona kabati," nikasema. "Chini, kwenye bawaba."

Niliweza kumsikia anavyopumua.

"Ilikuchukua muda kuinama," akasema.

Nilitaka kumtukana. Nikasema, "Kesho njoo kwa Mama mchana. Njoo na waya wa umeme, ule wa mashine umelowa."

Jumapili, 28 Aprili

Alikuja na waya na uso wa mtu aliyeitwa polisi. Mama akatuwekea chai akajitoa, akasema anakwenda kumjulia hali jirani, jirani ambaye hamsalimii mwaka wa pili huu.

Niliomba radhi. Ombi lenyewe nililiandaa njiani, likatoka kwa mkupuo: kwamba nilivuka bila yeye, kwamba nilimkalisha ukutani, kwamba maksi zile niliziandika mimi. Nilidhani atasema yameisha. Akalipuka.

"Miaka kumi na tisa, Dada. Kila tukikutana na watu unawasimulia. Mimi na mdogo wangu, Mnara wa Chumvi, tulilia wote. Mimi nililia kwa sababu ulikataa kunipa pedi. Ulifikiri nalilia dirisha?"

"Ungesema."

"Nilisema. Nilikwaruza kwenye mbao."

"Mahali pasipoonekana."

"Ndipo mkono wangu ulipofika."

Nikamwambia basi na yeye asikie. Nikamwambia habari za bandeji, za uji, za Mama kuniita kwa jina la marehemu bibi homa ilipopanda, na mimi sina wa kumwambia kwa sababu aliye na mdomo yuko kwa shangazi anakula na kucheza mpira. Nikamwambia gemu lile sikulicheza kwa raha, nililishika kama mtu anavyoshika mlingoti. Hilo hakulijua. Nililiona linamwingia. Alikaa akiizungushazungusha pedi mikononi, kisha akasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikujua anayo, "Na mimi kule nilikuwa nakusubiri. Kila siku nilimuuliza shangazi kama umelifungua bila mimi. Akasema, dada yako hawezi."

Nikawasha mashine.

Alicheza yeye. Mimi nilichukua daftari jipya na penseli. Kwa mzee wa kivuko alijitambulisha vizuri. Kwenye daraja la mbao tisini alianguka. Nikanyoosha mkono, kwa mazoea, maana ukifa unapisha.

"Leo sipishi," akasema.

Akaanguka mara kumi na moja. Ubao wa arobaini na mbili hukanyagi, unauruka. Naujua ubao huo kama jino langu bovu. Kila alipoukaribia nilitafuna penseli, na yeye kila mara anaukanyaga, mshamba, na mara ya tisa akasema, "Usiseme." Nikasema sijasema. "Unapumua kwa kelele," akasema.

Mara ya kumi na mbili akauruka. Masikio yake tu yalisogea, kama alivyokuwa mdogo.

Tumefika ghorofa ya nne kati ya tisa. Ikabidi aende, akahifadhi.

Jumatano, 1 Mei

Mwalimu mstaafu kauma kipande cha mkate mbele yangu, akatafuna, akameza, akanitazama. "Haya ndiyo yangu," akasema. Msaga kapiga makofi.

Jumamosi, 4 Mei

Nilikwenda. Studio ni chumba kidogo kuliko choo cha karakana, kuta zimebandikwa sponji. Kipaza akanivalisha vile vidude vya kusikilizia masikioni, akaniambia nisisogee mbali na maiki na nisiguse chochote chenye taa nyekundu.

Nafasi ya kwanza, Ufalme wa Chini. Nilisema hewani kwamba ni gemu zuri kwa watu wasiopenda kufikiri. Simu zikaanza kuingia kwa matusi, na yeye akafurahi sana, kumbe ndivyo kipindi kinavyokwenda.

Mwisho akasema, "Wasikilizaji, kabla sijawaaga nina sahihisho. Kuna gemu nililipanga bila kulicheza. Niliwaambia ni la kuchosha, na ukweli ni kwamba sikuwahi kushika pedi yake mpaka Jumapili iliyopita. Hilo si haki." Akanitazama. Nikajua sasa inakuja, mbele ya watu wote, na nikaanza kutafuta kitambaa mfukoni.

"Kwa hiyo Mnara wa Chumvi," akasema, "nalipandisha kutoka nafasi ya tisa hadi ya nane."

Ya nane. Juu ya samaki tu.

Nikavuta maiki nikawaambia wasikilizaji kwamba mdogo wangu ni mshenzi. Alicheka mpaka fundi mitambo akagonga kioo.

Jumatatu, 6 Mei

Basi limeondoka saa mbili asubuhi. Mvua imekata tangu jana, barabara ina vumbi tayari, kana kwamba haikuwahi kunyesha. Akiwa dirishani alinionyesha vidole vinane, mshenzi yule, mpaka basi likakata kona.

Atarudi Desemba, akipata likizo.

Nimepita kwa Mama kabla ya kazi. Mlango wa kabati uko wazi ukauke. Ile kumi yangu niliyomwandikia nimeikata kwa wino, mstari mmoja, na pembeni nimeacha nafasi. Mashine iko mezani, imefunikwa kitambaa, na mle ndani Mtafuta amesimama ghorofa ya nne mbele ya mlango. Mama ameniuliza kama nataka kucheza kidogo, maana umeme upo na bado ni mapema.

Nimemwambia sitaki. Ya nane, jamani. Nina hasira mpaka mikono inawasha.

Sijaigusa.